Gazeti lafungwa Hong Kong, ubalozi waungua Beijing

Watu 23, wanaume 18 na wanawake watano, walikuwa wamezingirwa ndani ya ubalozi wa Uingereza mjini Beijing usiku wa Agosti 22, 1967. Umati wa maelfu ulikuwa umeketi nje ya ukuta, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Wakala soseji za kopo na njegere, wakashushia mvinyo. Kisha wengine wakawasha projekta watazame filamu ya kuchekesha ya Peter Sellers, wengine wakaketi kucheza karata. Donald Hopson, mkuu wao, alikuwa bado na karata mkononi pale kelele za umati zilipopanda ghafla. Ilikuwa kama saa nne na nusu.

Walinzi Wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni, waliruka ukuta wakiwa na petroli. Waingereza walijifungia chumba cha ndani, lakini moshi ukawatoa. Nje walipokewa kwa ngumi na fimbo, wakavutwa nywele, wakainamishwa vichwa wapigwe picha. Hopson alitoka na jeraha kichwani. Mwanadiplomasia mwenzake, Percy Cradock, aliamriwa apaze sauti kumtukuza Mwenyekiti Mao. Akakataa, akaongezewa kipigo. Waliowaokoa mwishoni walikuwa wanajeshi wa China wenyewe. Jengo lilibaki magofu.

Kisa cha yote hayo kilikuwa magazeti matatu ya Kichina yaliyochapishwa karibu kilomita 2,000 kutoka hapo, katika koloni la Hong Kong. Siku mbili kabla ya moto, wizara ya mambo ya nje ya China ilimkabidhi Hopson barua yenye makataa ya saa 48: Waingereza wayafungulie magazeti hayo na kuwaachia waandishi 19 waliokuwa mahabusu, la sivyo wabebe matokeo. Saa 48 ziliisha, kiberiti kikawashwa.

Sisi wa huku tumezoea habari ya udhibiti wa magazeti ya kikoloni kuwa na sura moja. Gavana anaogopa wananchi watasoma nini, anapiga marufuku, mhariri anakwenda jela. Ndivyo ilivyokuwa Kenya wakati wa hali ya hatari. Ndivyo ilivyokuwa Tanganyika mwaka 1958, pale wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, walipofungwa kwa uchochezi. Hong Kong hofu ilikuwa na anwani nyingine. Mkasi wa serikali ya pale ulifuata hesabu ya kibalozi: neno hili litamkera nani ng'ambo ya mpaka, na huyo aliyekerwa ana nguvu kiasi gani? Kwa zaidi ya nusu karne jibu la swali hilo liliamua nini kichapwe. Liliamua pia jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: mwandishi yupi akipatwa na matatizo dunia isimame, na yupi azikwe bila barua hata moja ya malalamiko.

Ramani inaeleza sehemu ya sababu. Uingereza ilitwaa kisiwa cha Hong Kong mwaka 1842 baada ya vita ya kasumba, ikaongeza rasi ya Kowloon mwaka 1860, na mwaka 1898 ikakodi eneo la bara kwa miaka 99. Nyuma ya kipande hicho cha ardhi kuna China nzima. Mboga, nguruwe na, kuanzia miaka ya 1960, sehemu kubwa ya maji ya kunywa, vilitoka huko. Hakuna gavana wa Hong Kong aliyekuwa na ndoto kwamba askari wake wangeweza kuizuia China ikiamua kuingia. Mkono usioweza kuukata, waswahili husema, ubusu.

Mabusu yalianza mapema, na mmoja wa waliohusika ni mtu tunayemjua. Frederick Lugard, yule kapteni wa jeshi aliyepanda kilima cha Kampala mwishoni mwa mwaka 1890 na kumtia Kabaka Mwanga mkataba mkononi, alifika Hong Kong mwaka 1907 akiwa gavana. Mji ulikuwa umejaa wanamapinduzi wa Kichina waliotaka kuuangusha utawala wa kifalme wa Qing. Sun Yat-sen, aliyesomea udaktari hapo hapo Hong Kong, alikuwa amepigwa marufuku kukanyaga koloni tangu 1896, lakini watu wake walikuwa na gazeti lao mjini, Zhongguo Ribao, lililoanza Januari 1900. Lilichapwa chini ya bendera ya Uingereza na kusomwa Guangzhou, ambako viongozi wa Qing walilisoma wakisaga meno. Wakalalamika kwa Waingereza.

Mwaka huo huo wa 1907 Hong Kong ikatunga sheria ya kuzuia machapisho ya Kichina yanayoweza kuchochea fujo ndani ya China. Tazama vizuri sheria hiyo ilikuwa inalinda nini. Kosa lilikuwa kuandika, ukiwa katika koloni la Mfalme wa Uingereza, maneno ya kumkera mfalme wa nchi nyingine. Na iliwalenga Wachina. Gazeti la Kiingereza lililouzwa kwenye klabu za wazungu halikuguswa nayo. Miaka minne baadaye utawala wa Qing ukaanguka na waliokuwa wakisakwa wakawa serikali, lakini sheria ilibaki kabatini, tayari kwa mteja mwingine.

Mteja alipatikana mwaka 1925. Baada ya polisi walioongozwa na Waingereza kuwafyatulia risasi waandamanaji wa Kichina mjini Shanghai mwezi Mei, wafanyakazi wa Hong Kong waligoma. Watu zaidi ya laki mbili waliondoka mjini kurudi bara, na mgomo pamoja na ususiaji wa bidhaa za Kiingereza vikaendelea hadi Oktoba 1926. Serikali ikaanzisha ukaguzi wa kila siku: magazeti ya Kichina yalipaswa kupeleka kurasa zake kwa ofisi iliyoshughulikia mambo ya Wachina kabla ya kuchapwa. Afisa akikata aya, mara nyingi mhariri hakuwa na muda wa kupanga herufi upya, hivyo gazeti likatoka na pengo jeupe katikati ya habari. Wasomaji wakajifunza kusoma mapengo. Mgomo ulipoisha, ukaguzi haukuisha nao.

Mwandishi mkubwa wa China, Lu Xun, alikutana na mkasi huo Februari 1927 alipokuja kutoa mihadhara miwili katika jumba la YMCA. Baadaye aliandika kwa kejeli jinsi mhadhara wake ulivyozuiwa kuchapwa gazetini, na jinsi ulivyoruhusiwa baada ya majadiliano, ukiwa umekatwa na kubadilishwa hapa na pale. Mmoja wa mihadhara hiyo ulihusu China kuwa nchi isiyo na sauti. Mkaguzi alimsaidia kuthibitisha hoja.

Katika miaka ya 1930 aliyepaswa kubembelezwa alikuwa Japani. Majeshi yake yalikuwa yakiteketeza miji ya China, wakimbizi walikuwa wakimiminika Hong Kong, lakini magazeti ya Kichina ya mjini humo yalizuiwa kuandika kwa ukali dhidi ya Wajapani, kwa kuwa Uingereza ilikuwa bado na uhusiano nao wa kibalozi na haikutaka vita Asia. Maneno makali yaliondolewa na nafasi zao zikajazwa alama. Adabu hiyo yote haikununua kitu. Desemba 1941 Wajapani walivuka mpaka, na siku ya Krismasi gavana akasalimu amri.

Baada ya vita na ushindi wa Mao mwaka 1949, mchezo ulibadilika kabisa, maana sasa serikali ya jirani yenyewe ilikuwa na magazeti ndani ya koloni. Ta Kung Pao na Wen Wei Po yalikuwa sauti ya Beijing mjini Hong Kong. Zaidi ya hayo, China ilikataa kuweka ubalozi mdogo pale, kwa hoja kwamba mtu hafungui ubalozi katika ardhi yake mwenyewe. Kazi ya ubalozi ikafanywa na tawi la shirika la habari la Xinhua. Kwa hiyo mtu aliyekuja na kalamu na daftari kuuliza maswali kwenye mkutano wa gavana huenda alikuwa mwandishi, huenda alikuwa mwanadiplomasia, na mara nyingi alikuwa vyote viwili. Kwa upande wa pili Taiwan nayo ilikuwa na gazeti lake, Hong Kong Times. Waingereza walikaa katikati, wakihesabu.

Mwaka 1951 waliunganisha sheria zao za magazeti kuwa moja kali: usajili, amana ya fedha, na uwezo wa mahakama kulisimamisha gazeti. Ilijaribiwa mapema kuliko walivyotaka.

Novemba 1951 moto uliteketeza kijiji cha mabanda cha Tung Tau huko Kowloon, na maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Guangzhou ikatangaza kutuma ujumbe wa kuwafariji waathirika. Serikali ya Hong Kong, ikiona siasa ndani ya magunia ya msaada, iliuzuia ujumbe huo usiingie Machi 1, 1952. Umati uliokwenda kuupokea ukagongana na polisi mitaani, mtu mmoja akauawa kwa risasi, zaidi ya 100 wakakamatwa. Gazeti la chama mjini Beijing, Renmin Ribao, likaandika maoni ya kuwashutumu Waingereza kwa kuwaua na kuwakamata Wachina. Ta Kung Pao likayachapa maoni hayo Machi 5.

Mchapishaji wake, Fei Yimin, na mhariri, Lee Tsung-ying, wakashtakiwa kwa uchochezi. Utetezi wao ulikuwa mwepesi kueleweka: tumenukuu gazeti la nchi ambayo ninyi wenyewe mmeitambua tangu Januari 1950. Mahakama haikukubali. Mei 5 Fei alitozwa faini ya dola 4,000 za Hong Kong, Lee 3,000, na gazeti likasimamishwa kwa miezi sita.

Hapo ndipo Beijing ilipozungumza. Mei 10 naibu waziri wa mambo ya nje, Zhang Hanfu, alitoa tamko la kulaani mateso dhidi ya wakazi wa Kichina wa Hong Kong na kutaka gazeti lifunguliwe. Majeshi ya China na Uingereza yalikuwa yakipigana ana kwa ana Korea wakati huo, na London haikuwa na hamu ya kuongeza uwanja wa pili. Amri ya miezi sita iliishi siku 12. Ta Kung Pao likarudi mitaani, na kesi za magazeti mengine mawili ya mrengo huo zikaachwa zife. Rufaa ya Fei na Lee ilitupwa, hivyo hukumu yenyewe ilisimama. Nitairudia, maana ilikuja kuwa na maisha marefu kuliko wote waliokuwa chumbani siku ile.

Watetezi wa uhuru wa habari wangeweza kuiita hiyo ushindi. Mimi naona ilikuwa bei tu. Gazeti lilifunguliwa kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na dola lenye jeshi, na Zhang Hanfu hakulalamika kwa niaba ya uhuru wa habari, kitu ambacho serikali yake mwenyewe ilikuwa ikikimaliza Shanghai na Guangzhou mwaka ule ule. Wahariri wadogo wa Hong Kong walilisoma somo hilo haraka, na serikali nayo ikalisoma.

Ndiyo maana mwaka 1967 Waingereza walichagua shabaha kwa uangalifu. Mgogoro ulianza Mei katika kiwanda cha maua ya plastiki huko San Po Kong, ugomvi wa kazi wa kawaida ambao wafuasi wa Beijing, wakiwa wamelewa Mapinduzi ya Utamaduni, waliugeuza kuwa vita ya kuung'oa ukoloni. Yalifuata maandamano, mgomo, kisha mabomu ya kutengenezwa nyumbani yaliyowekwa barabarani. Julai 8 polisi watano waliuawa mpakani Sha Tau Kok. Hadi mwaka unaisha watu 51 walikuwa wamekufa, wakiwemo watoto. Sitaki msomaji adhani kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa ikipambana na kivuli. Magazeti ya mrengo wa kushoto yaliita watu kwenye mapambano hayo kila asubuhi, na baadhi ya habari yalizochapa zilikuwa za uongo mtupu.

Lakini yaliyokuwa na sauti kubwa kuliko yote, Ta Kung Pao na Wen Wei Po, hayakufungwa. Gavana David Trench na washauri wake walikumbuka 1952. Agosti walikamata wakuu wa magazeti madogo matatu, Tin Fung Daily News, Hong Kong Evening News na Afternoon News, na mahakama ikayasimamisha kwa miezi sita. Walidhani wamepiga mtoto ambaye baba yake hatatoka nje kugombana.

Walikosea kwa sababu Beijing ya Agosti 1967 haikuwa ile ya Zhang Hanfu. Wizara ya mambo ya nje ilikuwa imevamiwa na makundi ya wanamapinduzi vijana, na Waziri Mkuu Zhou Enlai mwenyewe alikuwa akihangaika kuishika tena. Barua ya makataa ya saa 48 ilitoka katika vurugu hizo, na jengo likaungua. Wiki moja baadaye, London, wanadiplomasia wa China walitoka kwenye ubalozi wao Portland Place wakiwa na mashoka na marungu, wakapigana na polisi mchana kweupe mbele ya wapiga picha. Mambo yalikuwa yamefika huko kwa ajili ya magazeti ambayo Mwingereza wa kawaida hakupata kuyasikia.

Hata hivyo London haikuyafungua. Yalitumikia kifungo chao.

Aliyelipa deni ni kijana wa miaka 29 ambaye hakuwa amefunga gazeti la mtu. Anthony Grey alikuwa mwandishi wa Reuters mjini Beijing. Julai 11 Hong Kong ilimkamata Xue Ping, mwandishi wa Xinhua, na siku nane baadaye ikampa miaka miwili jela. Julai 21 Grey aliitwa wizarani akaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo asitoke nyumbani kwake. Agosti 18 Walinzi Wekundu waliivamia nyumba, wakampiga, wakamuua paka wake, na akasukumiwa kwenye chumba kidogo. Alijifunza yoga. Alitunga mafumbo ya maneno kujaza saa. Hakusomewa shtaka wala kupelekwa mahakamani, kwa kuwa hakukuwa na kosa la kumsomea, alikuwa rehani.

Wizara ya mambo ya nje ya Uingereza ilishikilia diplomasia ya kimya kimya, ikisema kelele zingemdhuru. Waandishi wenzake walianza kunung'unika kwamba kimya kimegeuka kuwa usahaulifu. Hesabu ya Beijing ilikuwa wazi kabisa: mradi kuna mwandishi wa Kichina katika jela ya Hong Kong, Grey hatoki. Aliachiwa Oktoba 4, 1969, baada ya wa mwisho wao kufunguliwa. Miezi 27. Kitabu alichoandika mwaka uliofuata kiliuzwa duniani kote, nacho kilistahili.

Sasa mlinganishe na mtu mwingine. Lam Bun alikuwa mtangazaji wa Commercial Radio ya Hong Kong. Katika kipindi chake aliwadhihaki wafuasi wa Beijing na mabomu yao, kwa Kikantoni cha mtaani ambacho kila dereva wa teksi alikielewa. Asubuhi ya Agosti 24, 1967, siku mbili baada ya moto wa Beijing, watu waliovaa kama mafundi wa barabara walilisimamisha gari lake karibu na nyumbani, wakalimwagia petroli na kuliwasha akiwa ndani pamoja na binamu yake. Wote wawili walikufa. Waliofanya hivyo hawajapatikana hadi leo. Lam Bun hakuwa na ubalozi. Hakukuwa na serikali ya kuandika barua ya makataa kwa jina lake, wala mwandishi wa nchi nyingine wa kushikwa rehani mpaka haki yake ipatikane. Alikuwa mkazi wa koloni, basi.

Katika hili Tanganyika ilikuwa na bahati kidogo, ingawa sitaki kuipamba. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mkataba wa udhamini uliitaka Uingereza ihakikishe uhuru wa kusema, wa magazeti na wa kupeleka malalamiko, isipokuwa pale utulivu wa umma ulipodai vingine. Mlango huo wa mwisho ulikuwa mpana wa kutosha kupitisha kesi ya Mwafrika. Lakini angalau mwananchi wa Pangani au Bukoba aliweza kuandika barua New York, na wajumbe wa mataifa mengine wakaijadili kwa sauti. Mkazi wa Hong Kong mwaka 1967 angeiandikia nani? Beijing ilimtetea akiwa upande wake tu. London ndiyo iliyomtawala.

Baada ya mabomu kuisha, mkasi ulihamia mahali tulivu zaidi, kwenye filamu. Gavana alikuwa na mshauri wa siasa aliyeazimwa kutoka wizara ya mambo ya nje ya London, na filamu zilizogusa China au Taiwan zilipimwa kwa kipimo kimoja: je, zitaharibu uhusiano mwema na nchi jirani? Filamu ya mwongozaji Tang Shu Shuen kuhusu wanafunzi wanaokimbia Mapinduzi ya Utamaduni, iliyokamilika mwaka 1974, ilikaa kwenye kopo hadi miaka ya 1980. Mwaka 1981 filamu ya Taiwan kuhusu mateso ya kipindi hicho hicho iliondolewa kwenye majumba ya sinema ikiwa imeonyeshwa siku moja. Kufikia hapo hata Beijing yenyewe ilikuwa imekiri kwamba Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa maafa. Mkaguzi wa Hong Kong alikuwa mwangalifu kuliko wenyewe.

Kisha mwaka 1987 likaja la aibu. Gazeti la Asian Wall Street Journal lilifichua kwamba kwa miaka mingi serikali ilikuwa ikikata filamu bila nguvu za kisheria, na kwamba wanasheria wake walikuwa wameitahadharisha. Badala ya kuacha, serikali ilitunga sheria mpya mwaka 1988 na kukiandika kipimo cha uhusiano mwema ndani yake waziwazi. Kiliondolewa katika miaka ya 1990, koloni likiwa linajiandaa kukabidhiwa kwa China.

Makabidhiano hayo yalijadiliwa, kwa upande wa Uingereza, na Percy Cradock, yule aliyekula kipigo uani kwa kukataa kumtukuza Mao. Alirudi Beijing akiwa balozi mwaka 1978, na aliongoza mazungumzo yaliyozaa tamko la pamoja la mwaka 1984. Fei Yimin naye, mshtakiwa wa 1952, aliketi kwenye kamati iliyoandika Sheria ya Msingi ya Hong Kong, tena akiwa mmoja wa makamu wenyeviti wake.

Kadiri mwaka 1997 ulivyokaribia, Waingereza waligundua mapenzi ya ghafla kwa uhuru wa habari. Sheria ya magazeti ya 1951 ilifutwa mwaka 1987. Hati ya haki za binadamu ilipitishwa mwaka 1991. Ni vigumu kutoona kwamba sheria zilionekana mbaya hasa pale zilipokaribia kuangukia mikono mingine. Lakini kifungu cha uchochezi hakikufutwa. Kilibaki kwenye sheria ya makosa ya jinai, kikiwa na maneno ambayo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji mkalimani kuyaelewa: kuleta chuki au dharau dhidi ya serikali, kuamsha hali ya kutoridhika miongoni mwa wakazi. Ofisi ya Makoloni iliishona nguo hiyo kwa kipimo kimoja kwa wote. Kenya iliivua mwaka 1997, mwaka ule ule Hong Kong ilipobadili bendera. Tanzania iliiandika upya katika sheria ya huduma za habari ya mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ikasema vifungu hivyo vinakiuka mkataba wa jumuiya.

Hong Kong kifungu hicho kililala zaidi ya miaka 20 baada ya makabidhiano, kisha kikaamshwa mwaka 2020, baada ya maandamano makubwa ya mwaka uliotangulia. Gazeti la Apple Daily lilifungwa Juni 2021, wahariri wake wakikabiliwa na sheria mpya ya usalama wa taifa. Desemba mwaka huo polisi waliivamia tovuti ya habari ya Stand News, na hapo shtaka lilikuwa uchochezi, sheria ya Mwingereza. Agosti 2024 wahariri wake wawili walipatikana na hatia, na mwezi uliofuata mmoja wao, Chung Pui-kuen, akahukumiwa miezi 21. London, Washington na Brussels zilitoa matamko ya wasiwasi. Katika kesi za uchochezi za miaka hii mawakili wamekuwa wakifungua majalada ya zamani, na mojawapo lililofika mezani ni la Fei Yimin, la mwaka 1952.

Machi 2024 baraza la Hong Kong liliipitisha sheria yake ya usalama, na kifungu cha kikoloni hatimaye kikafutwa ili kingine kikae mahali pake. Adhabu ya juu ya uchochezi ilipanda kutoka miaka miwili hadi saba. Inafika kumi ikiwa mshtakiwa alishirikiana na nguvu za nje.